Shajara ya mradi: kumtafutia Mama Mkubwa makao ya wazee, Tacoma, 2025

18 Januari 2025: Tulipoanzia

Mama Mkubwa ana miaka 81. Hakujaaliwa mtoto wa tumbo lake, na ndiye aliyenilea mimi Mombasa mpaka nikamaliza shule, kwa hiyo jambo hili ni langu. Anaishi peke yake Tacoma, jimbo la Washington. Mimi niko Kent, nusu saa barabara ikiwa nyeupe, saa nzima na zaidi ikiwa imeshika foleni. Ana kisukari, anadungwa insulini asubuhi na jioni, anatembea na kigari cha magurudumu, na tangu mwaka jana kumbukumbu imeanza kumponyoka. Mara mbili ameacha jiko likiwaka. Mwisho wa Desemba alianguka bafuni, akakaa sakafuni tangu alfajiri hadi nilipompigia saa nne asipokee.

Naandika hatua kwa hatua kwa ajili ya wenzangu walio huku na mzazi au shangazi mkononi, maana mimi mwenyewe nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili sikuyapata.

Kaka yangu wa Mombasa alisema, "Mzee hatupwi." Nilimjibu kwamba mzee aliyelala sakafuni kwa saa tano bila mtu ndiye aliyetupwa. Tulinyamaziana siku mbili, kisha akapiga simu kuuliza atachangia nini.

Mama Mkubwa mwenyewe alikubali kutazama, kwa masharti matatu: apate namna ya kutia udhu, asilishwe haramu, na mwanamume asimwogeshe. Hayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Lazima niseme pia kwamba Mama Mkubwa amefanya kazi ya kuhudumia wazee miaka 19 hapa hapa Washington, nyingi zikiwa zamu za usiku. Hayo majengo anayajua kwa ndani.

26 Januari: Orodha, na makosa mawili

Kosa la kwanza lilinilia jioni mbili. Nilikaa kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, nikitafuta nyota za ubora. Zile nyota ni za nyumba za uuguzi. Makao ya usaidizi, ambako mzee ana chumba chake na anasaidiwa kuoga, dawa na chakula, hayamo, kwa sababu serikali kuu haiyasimamii. Kila jimbo lina leseni na sheria zake. Tena Medicare hailipii kodi ya kukaa huko hata senti. Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo, ndiyo inayoweza kulipia huduma, kwa mtu ambaye akiba yake imeshuka; kwa mtu asiye na mwenzi hapa Washington kiwango ni dola 2,000.

Mama Mkubwa ni raia na alikatwa kodi ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, miaka yote hiyo, kwa hiyo njia yake iko wazi. Ikiwa mzazi wako ameletwa juzi kwa kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi, jua kwamba kwa kawaida atasubiri miaka 5 kabla ya kupokelewa na Medicaid ya serikali kuu. Piga hesabu hiyo mwanzo.

Kosa la pili: nilijaza fomu ya wakala anayejitangaza kuwa anasaidia bure. Kabla sijala chakula cha jioni nilikuwa nimepigiwa simu tisa. Bure ni kwako; yeye analipwa na makao yatakayompata mzee wako. Washington ina sheria tangu 2011 inayomtaka wakala aseme analipwaje, na kweli ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yake, nami sikuisoma. Makao yasiyomlipa hayakuwa kwenye orodha yake.

Dawa: nilikwenda kwenye tovuti ya DSHS, idara ya jimbo inayotoa leseni, nikachuja kwa mji. Kuna aina mbili za kutazama. Makao makubwa ya usaidizi ni ya wakazi 7 na kuendelea. Nyumba ndogo ni nyumba ya kawaida mtaani, yenye leseni ya wazee hadi 6, siku hizi wengine huruhusiwa hadi 8. Kila jina lina ripoti zake za ukaguzi, na ni bure kuzisoma. Nimebaki na makao makubwa 3, nitakayoyaita A, B na C, na nyumba ndogo 5.

Gharama mpaka leo: muda tu.

2 Februari: Makao A

Tulikwenda jana Jumamosi saa tano asubuhi, kwa miadi. Maua mezani, piano, supu inanukia, dada wa mauzo mwenye maneno matamu. Akasema vyumba vimebaki viwili, nikatoa amana ya dola 500 papo hapo. Mama Mkubwa hakusema kitu.

Tulipoingia garini akaniuliza, "Umetazama kucha?"

Kucha zipi?

"Za wale waliokaa mezani. Mimi nimetazama. Kuna bibi kucha zake zimepinda, na nyeusi chini. Maua yanabadilishwa na mtu wa maua. Kucha zinakatwa na yule anayemwogesha. Hazikukatwa, basi hana wa kumwogesha kwa nafasi."

Akaendelea mpaka tukafika kwake. Tazama kamba ya kengele bafuni: ikiwa imefungwa fundo juu, mtu akianguka hataifikia. Tazama kama maji ya kunywa yako mkono unapofika. Nusa ukumbi wa mwisho, usinuse wa mbele. Nilisimamisha gari kando nikayaandika yote, kwa sababu wiki ijayo anaweza asiyakumbuke.

10 Februari: Kurudi bila miadi

Jana, Jumapili saa moja usiku, tulirudi Makao A bila kuaga mtu. Tulikaa kwenye viti vya ukumbi wa ghorofa ya pili kana kwamba tunamsubiri jamaa. Juu ya kila mlango kuna taa inayowaka mkazi akibonyeza kitufe chake cha wito. Taa moja iliwaka dakika 23. Niliuliza, nikaambiwa wahudumu wawili kwa wakazi 38. Sheria ya jimbo haitaji idadi, inataka wahudumu wawe wa kutosha. Kwa hiyo ni wewe utakayekwenda kuhesabu.

Nimedai amana. (Naongeza baadaye: ilirudi, lakini baada ya wiki sita na barua mbili.) Kabla hujatoa amana, taka iandikwe siku gani itarudi.

Makao C tuliyaondoa kwa ripoti zake: kosa moja la dawa, ukaguzi wa kwanza na wa pili, vilevile. Makao B yalikuwa na kosa, likarekebishwa, halikujirudia. Mimi naona afadhali kosa lililotibiwa kuliko ripoti safi ya mwaka mmoja tu. Jumapili usiku B walikwenda kwenye taa kwa dakika nne, dakika sita. Kucha safi. Nikatulia moyo.

21 Februari: Tathmini iliyonidanganya

Hapa ndipo ningepoteza pesa nyingi kuliko pote.

Makao makubwa hutoza kodi ya chumba, kisha juu yake ada ya huduma kwa ngazi. Nesi anakuja kumtathmini mzee, anampa pointi, pointi zinakuwa ngazi, ngazi inakuwa dola. Nesi wa Makao B alikuja kwa Mama Mkubwa saa nne asubuhi. Akamkuta amevaa leso mpya, chai ya tangawizi mezani, anazungumza kama yuko kazini. Unaoga mwenyewe? Ndiyo. Dawa? Najua zote. Usiku unaamka? Nalala fofofo. Yale maswali yeye mwenyewe ameyasikia akiwa upande wa pili wa meza kwa miaka 19, anajua jibu gani linamfanya mtu aonekane mzima. Mimi nilikaa kimya kwa kumheshimu.

Akapewa ngazi ya 1. Chumba dola 5,200, huduma 650, dawa 550: jumla 6,400 kwa mwezi, na ada ya kuingia 3,500 isiyorudishwa. Social Security yake ni 1,640 na akiba ni 148,000. Nikagawanya, nikaona miezi 30. Makao B hupokea Medicaid baada ya mkazi kulipa mfukoni miezi 24. Nikaona tumefika.

Usiku wa tatu, saa tisa, simu ikalia. Mama Mkubwa alikuwa kituo cha basi, na koti juu ya nguo ya kulalia, anauliza mbona basi la zamu limechelewa.

Tangu hapo nililala kwake siku kumi nikiandika kila kitu: ameamka mara ngapi, sindano ameikumbuka au nimemkumbusha, chooni amehitaji mkono au la. Sindano za asubuhi kumi, alizozikumbuka mwenyewe ni nne. Nilipeleka daftari kwa nesi nikaomba apime upya. Nilimwambia Mama Mkubwa kabla. Alikasirika, kisha akasema, "Ningekuwa mimi ndiye nesi, ningetaka hilo daftari."

Ngazi ya 3. Huduma 2,050, jumla 7,800. Nikauliza kodi hupanda vipi. Mwaka uliopita ilipanda asilimia 8. Hesabu mpya: baada ya ada ya kuingia zinabaki 144,500. Mwaka wa kwanza pengo, yaani bei ukitoa Social Security yake, ni 6,160 kwa mwezi, zinaondoka 73,920. Mwaka wa pili kodi inakuwa 8,424 na pengo 6,784. Akiba inaisha mwezi wa 22 na ushei. Mwezi mmoja na nusu kabla ya Medicaid kupokelewa.

Ningemhamisha kwa ile hesabu ya kwanza, angetolewa akiwa na miaka 83, akili imechoka zaidi, pesa hana.

4 Machi: Mkataba

Nilimlipa wakili wa mambo ya wazee dola 900. Kwa pesa hizo alisoma mkataba wa Makao B na akaandika hati ya kunipa madaraka ya kusimamia mambo ya Mama Mkubwa. Hati hiyo inafaa tu ikiwa mwenyewe bado anaelewa anachotia saini, kwa hiyo usingoje. Wakili alizungumza naye peke yake kwanza, mimi nikatolewa nje, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Mkataba ulikuwa kurasa 41. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari wa saini wa "mhusika mwenye wajibu". Ukitia saini pale kwa jina lako tu, unaweza kudaiwa deni lake wewe mwenyewe. Wakili alinifundisha kuandika jina la Mama Mkubwa kwanza, kisha langu, na kwamba natia saini kwa niaba yake. Kulikuwa na kifungu cha kuachia haki ya kwenda mahakamani. Alisema tukikate, na B walikubali kikatwe.

Muhimu kuliko yote ni swali alilonipa. Mimi miezi hii nilikuwa nauliza mna nini: bustani, mazoezi, gari la kwenda sokoni. Yeye akasema, uliza mtamwondoa kwa sababu gani, na utake jibu kwa maandishi. Sheria ya Washington ya haki za wakazi, namba 70.129, inataka notisi ya siku 30 kabla ya kumtoa mkazi, na inataka makao yaseme wazi msimamo wao juu ya Medicaid. Siku 30 ni chache sana kumtafutia mzee pengine.

Makao B walijibu kwa ukweli, nawashukuru: akihitaji watu wawili kumnyanyua, akianza kutoka nje usiku, pesa zikiisha kabla ya miezi 24. Mawili katika hayo yamekwisha kubisha hodi. Tumeyaacha.

17 Machi: Nyumba ndogo

Tulitembelea nne. Mbili ziliondoka haraka: moja ngazi mlangoni, nyingine runinga inanguruma na hakuna mtu anayemtazama mtu.

Ya tatu karibu initie makosani. Mwenye nyumba ni wa kwetu, Kiswahili kimejaa jikoni, mahamri mezani, Mama Mkubwa akacheka kama sijamsikia mwaka mzima. Nilitaka kutia saini siku ileile. Usiku nikafungua ripoti zake, kisha nikapiga simu kuuliza usiku nani yuko macho. Hakuna; mhudumu mmoja analala. Kwa mzee anayetoka saa tisa kwenda kituo cha basi, hilo haliwezekani. Ilibidi nimwambie Mama Mkubwa, na iliniuma, maana lugha nayo ni sehemu ya kulelewa.

Ya nne ni nyumba ya wazee sita, bapa, bila ngazi hata moja. Mwenyewe ni nesi Mfilipino, anaishi mlango wa pili. Usiku kuna mhudumu aliye macho, na kumbe ni mama wa Bujumbura. Alimwamkia "Habari za jioni, mama," kwa lafudhi ya kule, na Mama Mkubwa akamrekebisha, "Kwetu ni shikamoo." Mama yule akasema shikamoo papo hapo. Bei 7,200, kila kitu ndani, insulini pamoja, hakuna ada ya ngazi wala ada ya kuingia. Medicaid wanapokea baada ya miezi 12, na wameandika. Nilipouliza watamwondoa kwa sababu gani, nesi alifikiri kwanza, kisha akasema: akihitaji mashine ya kupumulia, au akiwapiga wenzake. Kutoka usiku? "Ndiyo maana namlipa mtu akae macho."

Pengo ni 5,560 kwa mwezi. Mwaka mmoja ni 66,720. Hata bei ikipanda, pesa zipo na zinabaki.

31 Machi: Siku kumi za majaribio

Hatukuhamia moja kwa moja. Tuliomba akae siku kumi, 20 hadi 30 Machi, dola 240 kwa siku, jumla 2,400. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Yeye hafungi kwa amri ya daktari, tunamtolea fidia, lakini alitaka kukaa na watu wa futari, kwa hiyo nilikwenda kufuturu naye kila jioni na nikaona nyumba ikiwa katika kazi yake.

Mambo matatu yalikwama.

Sindano. Nilidhani kwa kuwa mwenye nyumba ni nesi, mhudumu yeyote atadunga. Sivyo. Washington nesi anaweza kumkasimu mhudumu kazi ya kudunga insulini, lakini mhudumu awe amepita mafunzo ya kukasimiwa na yale ya kisukari, mgonjwa au mwakilishi wake akubali kwa maandishi, na nesi amfundishe mhudumu kwa mgonjwa huyo huyo. Kisha aendelee kumsimamia. Karatasi hazikuwa tayari, na siku mbili za kwanza mwenye nyumba alikuwa safarini, kwa hiyo nilipanda barabara asubuhi na jioni kudunga mwenyewe. Ukitaka kufanya majaribio, anza karatasi hizi wiki mbili kabla. Gharama ya nesi wa kukasimu: 200.

Udhu. Beseni la bafuni liko juu, na kuosha miguu kwa mtu mwenye kigari ni kuialika nyonga ivunjike. Tulijaribu beseni la plastiki sakafuni, maji yakamwagika, sakafu ikateleza, tukaacha. Kilichofaa ni kiti cha kuogea ndani ya bafu lenyewe na bomba la mkononi lenye mpira mrefu. Anakaa, anaosha mpaka miguuni, maji yanakwenda yanakopaswa. Dola 38, bomba na kiti vyote, vya mitumba.

Chakula. Walielewa nguruwe. Hawakuelewa mchuzi wa vidonge, wala jelatini ya kitindamlo. Kugombana na jiko la watu sita hakuna maana: napeleka nyama ya duka la halali kila Jumapili, imegawiwa kwenye mifuko yenye tarehe, na ana sufuria yake yenye utepe wa kijani mkononi. Jikoni wanajua utepe wa kijani ni wa Mama.

Jana ilikuwa Idi. Nilipomrudisha kwake Tacoma alisimama mlangoni akatazama ngazi, kisha akasema, "Nitakaa kule, mwanangu. Lakini na godoro langu."

14 Aprili: Kuhama

Godoro, msahafu, mswala, picha nne, kiti cha marehemu mume wake. Nguo zote zina jina. Kibandiko cha kibla ukutani. Lori na vijana wawili: 260. Tumelipa mwezi wa kwanza.

Sharti la mwanamume asimwogeshe limeandikwa kwenye mpango wa huduma, nalo la udhu. Kwa mdomo lisingetosha, wahudumu hubadilika.

12 Mei: Baada ya mwezi

Mpango wa huduma hupaswa kukamilishwa ndani ya siku 30 tangu kuingia. Ulikamilika siku ya 26, tukautia saini sote watatu.

Kilichoharibika: miadi ya macho ilipita bila mtu kumpeleka. Wao walidhani ni mimi, mimi nilidhani ni wao. Sasa kuna kalenda moja ukutani, na kila miadi ina jina la wa kumpeleka.

Bado anaamka saa tisa usiku kwenda kazini. Nililala pale Ijumaa, kwenye kiti, ili nione. Alitoka na koti. Mama wa Bujumbura hakumshika wala hakumbishia. Alitembea naye mpaka mlangoni, akamwambia zamu yake usiku huu imechukuliwa na mwenzake, akamkalisha jikoni akampa maziwa ya moto. Mama Mkubwa akauliza wazee wote wamelala? Wamelala. Akamshika yule mama vidole, akavigeuza chini ya taa, akatazama kucha. Kisha akarudi kitandani.

Jumla nje ya kodi ya mwezi, mpaka leo: wakili 900, majaribio 2,400, nesi 200, bafu 38, lori 260. Dola 3,798, mafuta ya gari sikuhesabu.

Kinachofuata ni Medicaid. Wataangalia miaka 5 ya mapato na matumizi, na pesa yoyote aliyompa mtu ndani ya miaka hiyo, ikiwemo aliyotoa kwa paa la nyumba ya Mombasa. Naanza kukusanya taarifa za benki mwezi ujao. Maombi yenyewe nitayapeleka akiba yake ikikaribia kile kiwango cha dola 2,000.